Niliumwa, Wakaandika Nimefiwa

Kama umeambiwa wiki hii kwamba una kifua kikuu, na kinachokukosesha usingizi si dawa bali namna ya kuwaambia watu wa kazini, haya nimekuandikia wewe. Mimi nilipona. Nilimeza nilichopewa, nikachomwa nilipotakiwa kuchomwa, nikala hata nilipokuwa sitaki. Kilichokaribia kunimaliza kilikuwa kitu kingine, na hicho sijaona mtu akikisimulia.

Wakati huo nilikuwa mwajiriwa wa kudumu katika kiwanda kimoja cha chai huku kwetu Rungwe. Nilifanya kazi chumba cha kuchekecha, ambako chai iliyokauka hutenganishwa madaraja. Vumbi lake ni la kahawia, linakaa kwenye kope na kwenye mikunjo ya shingo. Kila mtu mle alikohoa kidogo. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa, kipindi cha ukungu na baridi, hakuna aliyegeuka kunitazama.

Waligeuka baadaye, sketi yangu ilipoanza kuzunguka kiunoni yenyewe. Niliifunga kwa pini. Kisha nikawa navaa sweta la mtumba juu ya sweta jingine ili nionekane nina mwili. Miaka ile mtu akikonda na kukohoa watu walikuwa na neno moja tu: amekanyaga waya, yaani ana UKIMWI. Nilijua wananisema kwa sababu nikiingia mahali pa kupumzikia, mazungumzo yalihamia kwenye bei ya mbolea.

Pale hospitali, wagonjwa wa kifua tulisubiri upande wa nyuma, kwenye benchi lililoegemea ukuta wenye unyevu. Kila mtu alikuwa na kikopo chake cha makohozi, amekifunika kwa kiganja kama anayeficha yai. Hatukutazamana. Muuguzi alipoita majina, sauti yake ilifika hadi kwenye foleni ya wajawazito, na kila aliyeitwa aliinuka haraka ili jina lisirudiwe.

Daktari hakuzunguka. Alisema ni kifua kikuu, kinatibika, na kwamba nitalazwa kipindi chote cha sindano, kisha nitarudi nyumbani na vidonge. Halafu akaandika karatasi ya kazini, akagonga muhuri wa kliniki ya kifua.

"Hii ifike kwa mwajiri wako leo," alisema. "Yeye ndiye anayeutaarifu mfuko wa akiba ya wafanyakazi kwamba mtu wake anaumwa. Asipopata taarifa hawezi kuandika. Na asipoandika, kule wewe ni mtoro."

Mume wangu, Ambilikile, alikuwa amesimama mlangoni. Ni seremala, karakana yake ipo Bulyaga. Aliikunja ile karatasi, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akasema ataipeleka mwenyewe. Nilimwamini, maana si mtu wa maneno mengi, na ya uongo nilikuwa sijawahi kuyasikia kwake.

Yaliyotokea getini niliyajua baadaye, lakini nayaweka hapa, mahali pake. Alifika wakati zamu zinabadilishana. Msimamizi wetu, Mama Lusekelo, alikuwa anatoka na wanawake wa chumba chetu, wakamzunguka. Shemeji, mwenzetu yuko wapi leo? Ambilikile akagusa mfuko. Akakumbuka ule muhuri. Akaitazama midomo yao.

"Amefiwa," akasema.

Mama Lusekelo akaweka mkono kifuani. "Masikini. Na nani?"

Naye, kama mtu aliyeteleza akashika tawi la kwanza, akajibu, "Mama yake."

Kwetu aliyefiwa haulizwi zaidi. Mwanamke akifiwa na mama yake analala msibani na wenzake, chini, mpaka wenye msiba waseme inatosha, na tangu enzi kiwanda kilipokuwa cha serikali hakuna meneja aliyethubutu kumwita mtu kutoka matangani. Ukikosa kazini kwa sababu nyingine yoyote utaulizwa. Kwa msiba, hapana. Kila mtu wa Rungwe analijua hilo, na Ambilikile alidhani amenifunika blanketi. Alipanga kumfuata karani faraghani baada ya siku chache, ampe karatasi, yaishe. Lakini kila siku iliyopita ilifanya neno lile liwe gumu kurudisha. Karatasi ikatoka mfukoni, ikaingia kwenye sanduku la vifaa, chini ya misumari.

Mimi sikujua kitu. Nilikuwa kwenye sindano.

Wodi yetu ilikuwa ya mwisho kabisa, karibu na migomba. Sindano zilichomwa asubuhi, na baada ya siku kadhaa hukujua tena ulalie upande gani. Masikio yangu yakaanza kulia kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Mkojo ukageuka mwekundu, nikalia chooni nikijua natoka damu, mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia kupitia mlango, "Dada, ni rangi ya dawa. Sote tunakojoa fanta." Kama bado hujaambiwa, nakuambia mimi, usilie kama nilivyolia. Nywele zilikatika. Halafu, kabla sijatarajia, njaa ikarudi. Njaa ilikuwa ndiyo habari njema ya kwanza.

Aliyeilisha njaa hiyo ni mama yangu. Alitoka kijijini kwake Lupepo kwa miguu na maziwa ya mgando kwenye kibuyu na ndizi za kupika zilizofungwa kwenye majani. Wageni hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo aliketi nje kwenye majani, chini ya dirisha langu, akaongea bila kuniona. Mvua ikinyesha alijifunika nailoni akaendelea kuongea. Nilijifunza kusikia uso wake.

Kupitia dirisha hilohilo zikaja habari za kiwanda. Kilikuwa kinauzwa. Enzi hizo mashirika mengi yalikuwa yanauzwa, na kila kinapouzwa kitu watu hujiuliza swali moja: nani anauzwa pamoja nacho na nani anaachwa? Nikajituliza. Karatasi yangu ilishafika. Mimi ni mgonjwa aliyetaarifiwa.

Jumatatu moja mama alifika akicheka. Nilimsikia kabla hajaketi.

"Mwanangu," akasema, "jana nimekufa."

Akanisimulia. Alikuwa anapalilia maharage, akasikia kilio kinakuja na njia. Akatupa jembe, akajifunga kitenge kifuani, akaenda kuwapokea huku akilia nao. Hakujua nani amekufa, lakini kilio hakipokelewi kwa maswali. Walikuwa wanawake wengi, wengine na kuni kichwani, wengine na mikungu ya ndizi, mmoja na kanga mpya ya kumpa mfiwa. Akawasindikiza akilia mpaka akaona wanakata kona kuingia kwake.

"Nikamuuliza aliyenishika mkono, mwanangu, nani ametutoka? Akasema, mama yake Subilaga wa kiwandani, zamu zilitubana, ndiyo kwanza tumepata nafasi ya kuja. Nikamwambia, mbona ndiye huyo uliyemshika?"

Mama alicheka tena, nami nikacheka hadi mbavu zikauma. Akasema wale wanawake hawakucheka. Mama Lusekelo alikuwa amelia kweli, uso umevimba. Alitua mzigo wake wa kuni, akajifuta, akamwambia mama kwamba kuni za msiba hazirudi zilikotoka. Wenzake nao wakatua zao. Wakaondoka bila hata kunywa maji.

Hapo ndipo kicheko kilinitoka mwilini. Nikauliza nani aliwaambia mama amekufa.

"Mkwe wangu ndiye aliyeniua," mama alisema. "Lakini nadhani alikuwa na sababu. Muulize kwa upole."

Sikumuuliza kwa upole. Ambilikile alipokuja jioni ile nilimwambia kwamba amemuua mama yangu, na mimi ananiua. Alisimama na mikono yake yenye gundi, akasema alichosema. Aliogopa wasije wakasema nimekanyaga waya. Aliogopa kwa ajili yangu, na hakuficha kwamba aliogopa kwa ajili yake pia. Nani angenunua kitanda kwa fundi ambaye mkewe anasemwa hivyo? Nilifunga dirisha. Kwa siku nyingi alikuja akasimama pale, nami nikaacha dirisha limefungwa. Hewa ilikuwa nzito na wenzangu walinung'unika, lakini sikufungua.

Jioni ile ya kwanza Ambilikile alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa karani wa utumishi, Bwana Issa. Bwana Issa alikuwa mtu wa makini. Baba yake alikuja Tukuyu kutoka pwani kuuza nguo, naye amezaliwa hapahapa, Kinyakyusa anakijua kuliko wanangu. Aliipokea ile karatasi yenye madoa ya mafuta, akaisoma, akairudisha mezani.

Akamweleza. Kila mwisho wa mwezi anapeleka Mbeya, kwenye ofisi ya mfuko, taarifa ya wafanyakazi wote, na asiyekuwepo kazini lazima aandikiwe sababu. Mwezi uliopita aliniandika nimefiwa. Sasa Mama Lusekelo ameshasema msiba haukuwepo, na mwezi umefika mwisho tena. Mnunuzi wa kiwanda naye anataka majina yaleyale yanayokwenda kwenye mfuko: walio kazini, walio likizo, wagonjwa waliotaarifiwa. Watoro hahitaji kuwajua.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, "juzi umeniletea maiti, leo unaniletea mgonjwa. Kesho utaniletea nini?"

Alisema hawezi kuandika ugonjwa kwa ushahidi wa mtu huyohuyo aliyedanganya. Nikiandikwa mtoro, nimepoteza kazi, na miaka yote niliyokatwa mshahara inaishia hapo. Tena tungeishi vipi wakati wa vidonge, ambao ni mrefu kuliko wa sindano? Ambilikile alirudi akaniambia yote hayo kupitia kioo kilichofungwa. Niliyasikia yote.

Mimi nisingeweza kutoka wodini. Aliyekwenda ni mama.

Walikwenda pamoja, mama mbele na mkwe wake nyuma kwa mbali, kama heshima inavyotaka, ingawa heshima yenyewe ilikuwa imeshavunjika. Ukumbi wa ofisi ulijaa watu waliokuja kuuliza habari za majina yao. Ambilikile aliyaona yote na ndiye aliyenisimulia. Mama alipita katikati ya foleni, na kwa kuwa ni mzee walimwachia njia. Akasimama mbele ya meza.

"Ndaga, baba," alisalimia. "Mimi ndiye marehemu."

Bwana Issa aliinuka. "Karibu mama. Keti."

"Nimekaa sana, nimekuja kusimama. Mwanangu Subilaga hakufiwa. Ana kifua kikuu. Yuko wodini, anachomwa sindano. Andika hivyo."

Watu waliokuwa karibu na meza wakarudi nyuma hatua. Bwana Issa akapunguza sauti, akamwomba waingie chumba cha ndani wazungumze huko. Mama akakataa.

"Uongo ulisemwa getini, mbele za watu," alisema. "Na ukweli nausemea hapahapa."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Mimi nisingethubutu. Lakini mama alikuwa ameshakufa mara moja mbele za watu hao; sijui kama kulikuwa na aibu nyingine ya kumtisha.

Bwana Issa hakuandika palepale. Alisema lazima amwone mgonjwa. Kesho yake mchana, chini ya manyunyu, nilisikia mtu akikohoa kidogo nje, kikohozi cha kubisha hodi. Nikafungua dirisha. Alisimama pale mama anapoketi, suruali imelowa hadi magotini, koti limeshikwa juu ya mafaili. Hakusogea nyuma niliposogea mbele. Hilo sijalisahau.

Alinipa pole. Kisha akasema, "Dada Subilaga, nina swali moja, na jibu lake litakwenda na jina lako. Ulimtuma mumeo aseme umefiwa?"

Ambilikile alikuwa nyuma yake, karibu na migomba. Nilielewa kilichokuwa mbele yangu. Nikisema nilimtuma, nimemdanganya mwajiri nikiwa mgonjwa, na kazi imekwisha kihalali. Nikisema sikumtuma, mume wangu anabaki mwongo peke yake, na mji wetu ni mdogo.

Nilimtazama Ambilikile. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayekuambia pitisha msumeno hapo.

"Sikumtuma," nikasema. "Lakini ningekuwa mimi getini siku ile, sijui ningesema nini."

Bwana Issa akasogeza koti juu ya mafaili. "Sehemu hiyo ya pili," akasema, "mfuko hauiulizi." Akaenda kwa daktari, wakakaa huko muda, akatoka akaenda zake. Hakuniahidi kitu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko sindano. Niliacha dirisha wazi. Ambilikile alikuja, akasimama, na hakuna aliyeondoka. Sindano zikaisha. Nikapewa vidonge, nikaruhusiwa kurudi nyumbani Bulyaga, na njiani nilipumzika kila kwenye mti, mume wangu akibeba godoro na kusimama kila niliposimama. Jirani mmoja alifunga mlango tulipopita. Mwingine alikuja na kikapu cha magimbi, akakiacha nje, akapiga hodi akakimbia. Nilicheka, maana nilimwona kisogo. Magimbi yalikuwa matamu.

Majina ya kiwandani yalibandikwa kwenye ubao siku ya mvua kubwa. Ambilikile alikwenda kusoma. Nilimsikia akirudi, miguu yake kwenye matope, na nilijaribu kuisikiliza kama nilivyozoea kumsikiliza mama, nikashindwa. Akaingia, akavua kofia.

"Upo," akasema. "Umeandikwa mgonjwa. Tangu mwezi uliolazwa. Amerekebisha na ile taarifa ya nyuma."

Kisha akaketi sakafuni, mtu mzima, akaweka kichwa magotini pangu. Alipimwa kifua, alikuwa mzima. Mimi nilipimwa na ule ugonjwa mwingine, sikuwa nao. Ningekuwa nao ningekuandikia pia.

Nikuambie nilichojifunza, halafu nimalizie. Karatasi ya daktari ipeleke siku ileile, na kama huwezi kutembea, mtume mtu asiyekupenda sana. Anayekupenda sana atataka kukuficha. Ifike mkononi mwa karani, isiishie getini. Muulize karani, ukiwa na adabu, ameandika sababu gani. Yeye huandika alichoambiwa. Asipoambiwa na wewe, ataambiwa na wengine.

Nilirudi kazini vidonge vilipokwisha, chini ya mwajiri mpya. Sikurudishwa kwenye vumbi. Nilipelekwa kwenye mizani, nje. Mama Lusekelo hakunisemesha kwa muda mrefu. Siku moja tu alipita karibu na mizani akaniambia, bila kusimama, "Mimi nilimlilia mama yako machozi ya kweli. Jua hilo."

Zile kuni mama alizipanga chini ya upenu, akazifunika kwa nailoni. Hakuzipikia. Masika yalikuja, kuni za kijiji kizima zikalowa, akahangaika na moshi jikoni huku rundo kavu likimtazama. Nilipomwambia azitumie alisema hizi zina siku yake. Msimu kwa msimu zikakaa.

Siku yake ilifika mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea. Alilala mchana, akasema amechoka kidogo. Nilikwenda kwa Bwana Issa, ambaye bado yupo, amekuwa na mvi. Nilisimama mbele ya meza ileile, nikamwambia nimefiwa. Akaniangalia usoni.

"Na nani?"

"Na mama."

Hakuuliza zaidi. Aliinuka akanishika mikono yote miwili.

Lupepo watu walijaa, na mvua haikuacha. Tulikaa chini na wanawake. Mchana akaingia Mama Lusekelo, ambaye alishastaafu, anatembelea fimbo. Wenzake walikuja na kuni mbichi zinazotiririka maji. Yeye mikono ilikuwa mitupu. Alinisogelea, akajishusha taratibu kwenye mkeka, ubavuni kwangu.

"Kuni nilishaleta," alisema. "Machozi nilishatoa. Leo nimekuja kukaa."

Nje, nilimsikia Ambilikile akiondoa nailoni chini ya upenu. Kamba za migomba zilizofunga ile mizigo zilikuwa zimeshaoza, zikakatika zenyewe mikononi mwake. Akabeba kuni hadi kwenye mafiga, akawasha. Zilishika moto kwa njiti ya kwanza.